Harufu ya Petroli Mwisho wa Mwezi

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule, na katika mwaka wa 1988 alinunua motokaa aina ya Peugeot 504 kutoka kwa mwalimu mwenzake aliyekuwa akistaafu. Wasomaji wenye umri wa kutosha wanaijua motokaa hiyo. Jina lake lilivuma katika mashindano ya Safari Rally, iliposhinda mwaka wa 1975 mikononi mwa Ove Andersson na tena mwaka wa 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Na zile zenye mgongo mrefu zilibeba abiria kati ya Nairobi na miji ya bara kwa miaka mingi. Baba alipochoka kuendesha, mwaka wa 2016, alinikabidhi funguo pamoja na kitabu kidogo ambamo alikuwa ameandika kila lita ya petroli aliyoitia tangu siku ya kwanza. Mimi ni karani wa serikali hapa Voi, na kitabu ni kitu ninachokielewa kuliko injini. Basi nikaendelea kuandika pale alipoishia yeye.

Kila mwezi, mshahara ukisha kuingia, Jumamosi inayofuata hutupeleka Wundanyi kumwamkia mama yangu. Safari si ndefu, ni kama kilomita 40. Unatoka Voi kwenye joto, unafika Mwatate, kisha barabara inaanza kupanda vilima vya Taita kwa kona juu ya kona mpaka ubaridi unakupokea. Mke wangu hukaa mbele pamoja na mtoto mchanga, na wale wawili wakubwa hukaa nyuma. Wa pili wao, msichana wa miaka 7, ndiye aliyeanzisha habari hii. Mwezi wa Juni 2023, tulipokuwa tumekwisha kupita Mwatate, alisema, “Baba, gari linanuka.” Nikamjibu kwamba magari yote hunuka. Baada ya kona chache akatapika.

Mwezi wa Julai yakawa yale yale. Mke wangu alilaumu mandazi ya asubuhi. Mama yangu alilaumu kona, akasema kwamba hata mimi nilikuwa hivyo utotoni, jambo ambalo si kweli. Mimi nililaumu ukaidi. Nilidhani mtoto ameona kwamba akitapika atapewa kiti cha mbele, nikamkemea mbele ya nyanya yake, nikamwambia kwamba msichana mkubwa hawaharibii wenzake safari. Akanyamaza. Katika safari ya mwezi wa Agosti hakusema neno lolote juu ya harufu. Alitoka nyumbani na kopo lake mwenyewe, akalishika magotini njia nzima, na alipolihitaji akalitumia kimya kimya.

Sikushtuka kama nilivyopaswa kushtuka. Kilichonishtua ni fedha. Mwezi wa Septemba 2023 bei ya petroli hapa nchini ilipita shilingi 200 kwa lita kwa mara ya kwanza, na kila mwenye motokaa akawa mhasibu. Nilifungua kile kitabu nikapiga hesabu. Mwaka uliotangulia lita moja ilinipeleka kilomita 10 bila taabu. Sasa ilinipeleka 8 na kidogo. Motokaa haikuwa imeongezewa mzigo, wala mimi sikuwa nimeanza kwenda mbio. Palikuwa na petroli inayotoka bila kupita katika injini.

Siku chache baadaye, alfajiri, nilifungua boneti ili kupima oili. Nilichomoa kile kijiti cha kupimia, nikakipangusa, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili ilikuwa imezidi alama ya juu. Nakiri kwamba nilifurahi, kama mtu aliyekuta noti katika mfuko wa koti la zamani. Motokaa yangu ilikuwa na desturi ya kula oili, na sasa ilikuwa imeongeza! Nilimweleza fundi wangu habari hiyo njema. Fundi huyu ni mzee ambaye alizitengeneza motokaa za aina hii tangu zilipokuwa mpya. Alinitazama kwa huruma.

“Mwanangu,” alisema, “oili haizai. Ikiongezeka, jua kuna kitu kimeingia. Inuse.”

Nilikinusa kijiti. Kilinuka petroli, na oili yenyewe ilikuwa nyepesi kama chai. Fundi akanieleza. Katika motokaa za zamani petroli huvutwa kutoka tangini na pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini. Ndani ya pampu hiyo kuna ngozi ya mpira ambayo husukumwa juu na chini na injini yenyewe inapozunguka. Ngozi ikichakaa, ikapasuka, petroli hupita kwenye ufa na kuanguka ndani ya injini, ikachanganyika na oili. Nyingine hutokea kwenye kitundu kidogo kilicho chini ya pampu, ikadondoka juu ya chuma cha moto. Oili iliyochanganyika na petroli haiwezi kuzilinda bearingi, na aendaye mbali nayo atanunua injini nyingine.

Hapa nilijifunza jambo ambalo lilinifaa baadaye. Nilikuwa nimewahi kutazama chini ya boneti mara nyingi, saa za mchana, nisione umajimaji wowote. Fundi aliniambia kwamba katika joto la Voi petroli inayodondoka mchana hukauka kabla hujainama. Uvujaji hutafutwa alfajiri, injini ikiwa baridi. Kwanza unapangusa kila kitu kwa kitambaa kikavu, kisha unaiwasha injini kidogo, unaizima, halafu unatazama kwa tochi. Wala usiishike sehemu iliyoloa sana ukadhani ndiyo yenye kosa, kwa maana petroli huteremka na kufuata vyuma; tafuta mahali pa juu kabisa palipoanza kuloa. Tulifanya hivyo, na mahali pa juu kabisa palikuwa ni pampu.

Alitia ngozi mpya, akabadili mipira miwili midogo iliyokuwa imepasuka-pasuka kama kisigino cha mkulima, akamwaga oili yote na kutia nyingine. Nililipa, nikaandika kitabuni. Kilomita zikaanza kurudi. Nilitangaza nyumbani kwamba gari limepona. Nilimwambia hasa binti yangu, kwa sauti ya mtu anayesamehe, kwamba sasa hana sababu tena ya kubeba kopo.

Jumamosi ya tarehe 30 Septemba alitapika mahali pale pale, mbele kidogo ya Mwatate, na safari hii hakuwa na kopo.

Tulisimama kando ya barabara. Mke wangu alimwosha uso kwa maji ya chupa, bila kuniambia neno, na ukimya wake nilifahamu maana yake. Kisha akasema, “Wewe kaa nyuma na mtoto, mimi nitaendesha.” Leseni anayo, naye ni dereva mwenye hadhari kuniliko. Basi, kwa mara ya kwanza tangu nikabidhiwe motokaa ile, niliketi kiti cha nyuma. Hatukumaliza kona mbili kabla pua yangu haijapigwa na petroli, mbichi, kana kwamba mtu ameifungua chupa yake chini ya kiti. Niligeuka kumtazama binti yangu. Alikuwa akinitazama mimi. Hakusema, “Nilikuambia.” Alingoja tu aone kama nitasema nini.

Jambo la ajabu lilifuata. Tulipokaribia Wundanyi, nilikuwa sisikii tena harufu yoyote, lakini kichwa kiliniuma na tumbo lilikuwa limenichafuka. Harufu haikuwa imeondoka. Pua yangu ndiyo iliyokuwa imezoea. Hivyo ndivyo pua za watu zilivyo. Kitu kilekile kikikaa mbele yake kwa dakika kadhaa, pua huacha kukihesabu. Ndiyo maana mwenye kibanda cha samaki hasikii samaki. Mimi, mbele, nikiwa nimefungua dirisha langu, sikupata harufu ya kutosha hata ya kuizoea. Mtoto, nyuma, aliipata kwanza, kisha akabaki na ugonjwa wake bila ushahidi. Mvuke wa petroli unaleta kizunguzungu, maumivu ya kichwa na kichefuchefu, na ndani yake mna benzini, ambayo ni sumu kwa damu ya mtu anayeivuta kwa muda mrefu. Nilikuwa nimemkemea mtoto kwa sababu ya kuvuta sumu.

Kuna na jambo la moto. Petroli haihitaji kupashwa joto ili itoe mvuke unaoweza kuwaka. Hutoa mvuke huo hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Voi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai ukaenda zake, bali hutambaa chini kama maji yasiyoonekana mpaka ukutane na jiko, sigara au cheche ya swichi. Watu wa nchi hii hawana haja ya kufundishwa hayo. Tunaikumbuka Sachangwan, mwezi wa Januari 2009, ambapo watu zaidi ya 100 waliteketea kwenye lori la petroli lililopinduka, na Sinai mjini Nairobi, mwezi wa Septemba 2011. Hizo zilikuwa petroli nyingi. Lakini nilijua pia kwamba nyumbani kwangu motokaa hulala hatua nane kutoka mahali ambapo mke wangu huwasha jiko la makaa.

Usiku ule tuliporudi niliiacha motokaa nje ya ua, mbali na jiko. Asubuhi nililala chini nikaitazama kutoka mbele hadi nyuma kwa tochi. Kulikuwa kukavu. Jumatatu nilimpelekea fundi. Yeye naye alitazama pampu, kabureta na mipira yote, akatazama chini ya tangi, asione kitu. Jumanne harufu ilikuwa haipo kabisa, hata nilipoketi nyuma nikiwa nimefunga madirisha. Fundi akacheka. “Bwana Karani,” alisema, “pampu ndiyo iliyokuwa mbovu na tumeitengeneza. Sasa unanusa kumbukumbu.”

Sikumlaumu. Tulikuwa tumemkamata mwizi mmoja naye akakiri, na mtu akishamkamata mwizi hufunga mlango akalala. Lakini nilikuwa nimeketi katika kiti kile.

Usiku wa siku ile nilikaa mezani na kitabu cha baba. Kazini nimezoea kwamba hesabu zisipolingana hutafuti mkosaji kwanza, unapanga tarehe. Nikachora mstari, upande mmoja nikaandika siku ambazo petroli ilitiwa na kiasi chake, na upande wa pili siku ambazo mtoto aliugua. Nilimwita mke wangu atusaidie kukumbuka. Mara ikaonekana kwamba tangu Juni mtoto hakuugua hata mara moja katikati ya mwezi, ingawa tulikuwa tukimpeleka kanisani na sokoni katika motokaa ile ile. Aliugua mwisho wa mwezi tu. Nikasema, ni kwa sababu mwisho wa mwezi ndipo tunapopanda Wundanyi. Ni zile kona.

“Na mazishi?” mke wangu aliuliza.

Nilikuwa nimeyasahau. Mwezi wa Agosti tulipanda Wundanyi mara mbili. Mshahara wa Julai ulichelewa sana, wala sitaingia katika habari hiyo hapa. Tarehe 5 Agosti palikuwa na mazishi ya jirani wa mama yangu, ikatubidi twende kwa petroli ya shilingi elfu moja niliyokopa. Watoto tulikwenda nao. Barabara ilikuwa ile ile, kona zile zile, hata mandazi alikula; wala hakutapika, na kwa kuwa hakutapika hakuna aliyeliona jambo hilo. Mshahara uliingia tarehe 16. Tarehe 18 nilijaza tangi. Tarehe 19 tulipanda, na ndipo alipobeba lile kopo.

Basi si kona, wala si mwezi. Ni tangi kujaa. Sisi makarani hujaza tangi mara moja tu, siku ya mshahara. Siku nyingine zote tunatia kwa mia tano na kwa elfu moja, na petroli hukaa chini kabisa ya tangi kama maji ya kisima wakati wa ukame. Kama tundu lingekuwa chini ya tangi, tungevuja siku zote na fundi angeliona doa. Kama lingekuwa mbele, harufu ingekuwa mbele. Lilikuwa juu, mahali ambapo petroli hufika siku mbili au tatu tu katika mwezi, kisha hushuka na kukiacha kidonda kikauke. Ndiyo maana ugonjwa ulionekana kupona wenyewe kila ulipopelekwa kwa daktari. Nilikuwa nikimpelekea fundi motokaa yenye tangi tupu.

Nilimweleza mambo hayo siku ya pili. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akakuna kichwa. “Jaza tangi kwanza,” alisema, “halafu ulete.” Tukangoja mshahara. Katika muda huo watoto walisafiri kwa matatu.

Ijumaa ya tarehe 27 Oktoba nilijaza. Jumamosi asubuhi fundi alilegeza waya wa betri kwanza, ili pasiwe na cheche, kisha tukatoa gurudumu la akiba, zulia na kila kitu kilichokuwamo ndani ya buti. Tangi la motokaa hii liko nyuma, chini ya buti, na mdomo wa kutilia petroli uko ubavuni kwa nje. Kati ya mdomo na tangi kuna bomba la chuma, na bomba hilo limeunganishwa na tangi kwa kipande cha mpira mnene, kimefungwa kwa klipu mbili. Tulikipangusa kipande hicho mpaka kikakauka. Nami nikatoa mfukoni chaki nilizoombwa na binti yangu nisizimalize, kwa kuwa zilikuwa zake. Tukazisaga zikawa unga, tukaunyunyiza juu ya mpira, juu ya klipu, na mahali waya wa geji unapoingia tangini. Petroli hukauka upesi, lakini chaki iliyoloweshwa hubadilika rangi na kushikamana, hata ikikauka huonyesha njia iliyopita.

Fundi alirudisha waya wa betri, tukaendesha wawili sisi hadi Mwatate, tukapanda kona kama kumi, tukasimama mahali penye hewa. Chaki iliyokuwa kwenye geji ilikuwa nyeupe kama tulivyoiacha. Chaki iliyokuwa upande wa chini wa mpira ilikuwa nyeupe. Lakini upande wa juu, karibu na klipu ya tangi, mahali ambapo jicho halifiki ila kwa kioo cha mkononi, palikuwa na mfereji mweusi mrefu kama kidole. Fundi aliubonyeza mpira kwa gumba, nao ukafunguka kama midomo. Ulikuwa na ufa ulioingia mpaka ndani. Kila motokaa ilipokata kona kwenda kushoto, petroli ya tangi lililojaa iliegemea upande wa kulia, kwenye mdomo, ikapanda, ikatoka kidogo, ikakauka juu ya tangi bila kudondoka chini. Mvuke wake ukaingia katika buti, na kutoka buti ukapita nyuma ya kiti kumfuata mtoto.

Hapo ndipo washauri walipojitokeza. Mtu wa kwanza alitaka tupake sabuni ya mche. Si mjinga: petroli haiyeyushi sabuni, na tangi lililotobolewa na jiwe njiani linaweza kuzibwa kwa sabuni likakufikisha nyumbani. Lakini mpira unaocheza kwa kila shimo la barabara hauzibiki hivyo. Mtu wa pili, mchomelea vyuma, alishauri tuondoe tangi, tumwage petroli, achomelee bomba refu la chuma ili mpira usihitajike tena. Fundi wangu alimfukuza kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake. Tangi lililomwagwa ni la hatari kuliko lililojaa, maana lililojaa halina hewa ya kuwakia, na lililomwagwa limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, unaongoja moto tu.

Shauri la tatu lilitoka kwa fundi mwenyewe, na hapa tulikaribia kugombana. Alitaka kukata kipande cha tyubu ya lori, akizungushe juu ya ule ufa mara tatu, akibane kwa klipu. Alisema amefanya hivyo maisha yake yote. Sikuwa na elimu ya kumbishia mzee, basi nilimwomba kipande kidogo cha tyubu hiyo, nikakitia katika chupa yenye petroli kidogo, nikaiziba na kuiacha nje ya nyumba usiku kucha. Asubuhi nilimpelekea. Kile kipande kilikuwa kimevimba, kimekuwa laini kama ini, na ulipokivuta kilikatika. Mpira wa tyubu, kama ule wa bomba la maji ya rejeta, haukutengenezwa kuvumilia petroli. Upo mpira wa aina yake kwa kazi hiyo. Fundi alikigeuza-geuza kile kipande kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Kumbe ndiyo sababu wengine walikuwa wakirudi.”

Mpira halisi haukupatikana Voi. Niliagiza Nairobi, katika maduka ya vipuri ya barabara ya Kirinyaga, kwa kipimo tulichokichukua kwa uzi, nao ukaja kwa basi la usiku. Hatukuutia siku ile. Tulingoja hadi katikati ya Novemba, wakati ambapo tangi la karani huwa karibu tupu bila kuamriwa, ili pasiwe na haja ya kuinyonya petroli. Wapo wanaoinyonya kwa mdomo na mpira wa bustani. Tone moja likienda njia ya mapafu badala ya tumbo, mtu hulala hospitali.

Kazi yenyewe haikuchukua saa nzima. Tuliifanya nje, alfajiri, injini baridi, betri imefunguliwa, na ndoo mbili za mchanga mkavu karibu. Za mchanga, maana maji hayaizimi petroli; petroli huelea juu ya maji na kuutembeza moto. Fundi alifungua klipu zilizokuwa zimeliwa na kutu, akaukata ule mpira wa zamani kwa kisu badala ya kuupekecha kwa bisibisi, asije akalikwaruza bomba. Alisugua kutu kwa mkono kwa msasa laini, akapangusa, akautia mpira mpya ukaingia kwa shida kidogo, kama inavyopasa, akafunga klipu mpya mbili kila upande. Kisha tukaiacha wazi siku nzima ili mvuke utoke.

Ule mpira wa zamani niliupeleka nyumbani. Nilimwita binti yangu uani, nikaukunja mbele yake ili auone ufa, nikampa aunuse. Aliusogeza puani, akaurudisha upesi.

“Ni hiyo,” alisema.

Nilimwambia kwamba alisema kweli tangu mwezi wa Juni, na kwamba mimi ndiye niliyekosa, na kwamba kumkemea kwangu mbele ya nyanya yake kulikuwa kosa la pili. Si desturi ya ukoo wetu mzazi kumwambia mtoto maneno hayo, na ulimi ulikuwa mzito. Alisikiliza huku akichora chini kwa kidole cha mguu. Halafu akaniuliza kama chaki zake nitamlipa.

Mshahara wa Novemba uliingia kwa wakati. Nilijaza tangi mpaka juu, na Jumamosi ya tarehe 2 Desemba tulipanda Wundanyi sote. Alikuja na kopo lake, akalishika magotini kama zamani, na sikumwambia aliache. Tulipita Mwatate. Tulipita mahali pale pa kusimama. Kwenye kona za juu nilimtazama katika kioo, alikuwa amelala, kopo limeanguka miguuni mwa kaka yake. Tulipofika nyumbani kwa mama yangu nilichukua kitabu cha baba nikaandika kilomita, na yeye akaomba kalamu. Nilikuwa na penseli tu. Chini ya hesabu zangu, kwa herufi kubwa zilizopinda, ameandika: HAKUNA HARUFU.